Volantari Mpaka Saa Mbili Usiku

Saa kumi na moja jioni kengele ya kiwanda cha mashati inalia, na hakuna anayenyanyuka. Wanawake wa laini ya kola wanainua macho tu kumtazama msimamizi, ambaye amesimama kwenye njia katikati ya mashine, mikono nyuma.

"Volantari!" anatangaza.

Mmoja anasonya. Mwingine anavua kandambili chini ya meza ili miguu iliyovimba ipate nafasi. Mlangoni, mlinzi anazungusha ufunguo, na mashine zinaanza kunguruma tena mpaka saa mbili usiku.

Kwenye mashine iliyo karibu na dirisha yupo mwanamke ambaye wenzake wanamwita Mama Kola, kwa kuwa tangu aajiriwe, miaka kumi na mmoja sasa, hajashona kitu kingine. Mikono ya shati, mifuko na vifungo ni kazi za wengine. "Ukiniletea shati zima, nitakuuliza hiki ni kitu gani," anasema na kucheka kidogo. Hicho ndicho kicheko pekee alichonipa siku tulipozungumza. Mengine yote aliyasema kwa hasira, nami niliondoka kwake nimekunja uso.

Mashati hayo yanauzwa nchi za mbali, na wanunuzi hutuma wakaguzi kuangalia kama washonaji wanatendewa vizuri. Wakaguzi huuliza kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi kwenye laini hawaijui. Kiwanda kimelipatia jambo hilo dawa.

"Wakikaribia kuja, tunaimbishwa kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine," anasimulia. "Msimamizi anasema, 'Ovataimu?' Sisi tunajibu, 'Volantari!' Watu wazima, wenye wajukuu, tunaimbishwa kama watoto wa chekechea. Ukikosea unasimama unarudia peke yako. Halafu anakwambia, 'Tabasamu basi, mama.'"

Walifundishwa kulitamka neno hilo. Walifundishwa hata tabasamu la kwenda nalo. Maana yake hakuna aliyewaeleza, na wao hawakuuliza, kwa sababu walidhani wanaijua. Nje ya mazoezi hayo, neno lenyewe walilisikia jioni tu, mlango unapofungwa, wakaamua kuwa ndilo jina la Kiingereza la kazi ya kubakizwa. Likahamia midomoni mwao, likawa lao kabisa. Volantari ya jana imeniua mgongo. Leo naomba Mungu kusiwe na volantari. Hata mume wa Mama Kola, giza likiingia, alikuwa anawaambia watoto, "Mama yenu yuko volantari, leteni sahani tule."

Malipo ya saa hizo zote, kwa hesabu yake, ni nauli ya kurudi nyumbani na mkate mdogo.

Mwaka jana mama yake mzazi, anayeishi naye, aliteleza bafuni jioni akavunjika nyonga. Jirani alikimbia mpaka getini kumwita. Mlinzi akamjibu kwamba mshonaji huyo yuko volantari, asubiri. Jirani akasubiri. Aliomba, akagombana, akaketi chini, na ndani hakuna aliyemwambia Mama Kola neno lolote.

"Nimetoka saa mbili namkuta jirani yangu kakaa kwenye vumbi, analia. Mama muda wote huo yuko sakafuni, kila watu wa nyumbani wakimgusa anapiga kelele, wanaogopa kumbeba. Saa zote hizo! Na mimi niko ndani nashona kola za watu nisiowajua."

Kesho yake daktari alisema mgonjwa atapasuliwa na damu itahitajika. Mama Kola akasema yeye atatoa. Muuguzi, dada mmoja mpole mwenye miwani, alimkalisha kwenye kiti, akamuuliza kama wanavyouliza kila mtu, "Unatoa volantari, siyo?"

"Nikasimama palepale. Nikamwambia, 'Dada yangu, nihurumie. Leo siwezi kubaki mpaka saa mbili, mama anaumwa.'"

Muuguzi akamuuliza saa mbili ya nini. Walipoelewana, akamweleza taratibu: "Volantari ni kwa hiari, mama. Umependa mwenyewe. Ukighairi sasa hivi unakwenda zako, hakuna wa kukushika. Mlango ule pale."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Kola anasema aliutazama mpaka muuguzi akamuuliza kama anasikia kizunguzungu.

"Nikamwomba anipe mifano, maana sikuamini. Akasema kuimba kwaya ni volantari. Kuchangia harusi ya jirani ni volantari. Nikamuuliza, na ukifungiwa kwa ufunguo? Akaniangalia, akasema, 'Hiyo haiitwi hivyo popote.'"

Damu ikatoka, na machozi pia. Muuguzi alidhani anamlilia mama yake.

"Nililia kwa hasira," anasema, na sauti inapanda mpaka mtoto anachungulia kutoka chumba cha pili. "Miezi michache kabla ya hapo mgeni mmoja wa ukaguzi, mama wa makamo, aliniinamia kwa upole akaniuliza habari ya ovataimu. Nikamjibu volantari. Nikatabasamu! Akanipapasa bega, akaandika. Msimamizi akanisifu matamshi. Wameuchukua mdomo wangu wakautumia kunifungia mimi mwenyewe."

Nilimpigia simu ofisa utumishi wa kiwanda. "Hakuna anayelazimishwa," alisema. "Wakaguzi wamewauliza wafanyakazi wenyewe, na wote wamejibu kwamba ni volantari." Nikamuuliza kuhusu ufunguo. Akasema ni mambo ya usalama, akakata simu.

Bure kabisa. Anajua fika nani aliwafundisha jibu hilo.

Mama Kola amewaeleza wenzake maana ya volantari, mmoja mmoja, wakati wa chakula. Mmoja alibisha, akasema muuguzi atakuwa amechanganya. Mwingine alifunika chakula chake akarudi kwenye mashine. Siku hizi kwenye laini ya kola neno hilo halitamkwi tena ila kwenye mazoezi ya asubuhi. Wao wenyewe wanasema kufungiwa.

Wakaguzi wanakuja Alhamisi, na Mama Kola amepangwa mstari wa mbele kwa sababu ya matamshi yake mazuri. Muuguzi amemfundisha sentensi fupi ya Kiingereza: hii si volantari, mlango unafungwa kwa ufunguo. Anaifanyia mazoezi akifua na akimwogesha mama yake, ambaye sasa hatembei bila kushika kiti. Watoto wake wanategemea mshahara huo, na anajua wenye midomo hawadumu pale.

"Na wakikufukuza, mwanangu?" mama anamuuliza kutoka kitandani.

Mama Kola anamfunika miguu.

"Wakinifukuza, mama, watanifukuza mchana kweupe. Na mlango watanifungulia wenyewe."