Bamvua la Pili

Miaka michache kabla ya Wazungu kuanza vita vyao vya Ujerumani, bahari ya Ndau iligeuka rangi ikawa kama maji yaliyochemshiwa kunde.

Mvua za masika zilikuwa zimekatika. Vijito vya bara vilikuwa vimetapika matope siku nyingi, kisha jua likawaka ghafla, upepo ukaanguka, na zikaja siku za maji mafu, zile siku za nusu ya mwezi ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, inajongea tu kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Utando mwekundu ukalala baina yetu na bara. Siku ya pili samaki wadogo wakaelea, matumbo juu. Paka wa kijiji walishuka pwani, wakanusa, wakarudi walikotoka. Samaki hawakunitisha. Paka walinitisha.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi yangu aliyetulea, dada yangu, na mimi niliyekuwa mwari. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hivyo akanituma nikachote maji kwa bakuli lake jeupe la kichina. Bakuli hilo halikutiwa chakula kamwe. Kazi yake ilikuwa moja, kutazamia bahari.

"Niambie unaona nini," alisema nilipoliweka juani.

"Vumbi jekundu, Bibi. Linapanda na kushuka."

"Vumbi halipandi lenyewe. Hicho ni kiumbe." Akachovya kidole, akakinusa. "Bara kuna mashamba, na bahari ina shamba lake. Huu ni unga wa bahari. Uduvi hula unga, dagaa hula uduvi, jodari hula dagaa, na sisi twamla jodari. Usipokuwapo, pwani yote itakufa njaa. Lakini iko miaka shamba huota magugu."

"Na huu ni mwaka wa magugu?"

"Waulize paka."

Kisha akanieleza habari ya chaza. Chaza hatembei kutafuta riziki. Hukaa mwambani akanywa bahari mchana na usiku, akatema maji, akabakisha unga. Mwaka wa magugu hubakisha sumu vilevile, na yeye isimdhuru.

"Bamvua la kwanza huosha maji," alisema. "La pili huosha chaza. Kabla ya la pili, mtu asitie kisu mwambani. Bahari ina ndia zake."

Bamvua tulilijua hata watoto. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari huvuta pumzi ndefu: hujaa mpaka mizizi ya minazi, kisha hupwa mpaka miamba ya mbali ikaonekana. Baina ya bamvua na bamvua ni wiki mbili. Wiki mbili si kitu, isipokuwa kwa mtu anayekwisha mbele ya macho yako.

Dada yangu alikuwa ameolewa Amu, upande wa Wiyoni, akarudi kwetu na mimba ya miezi saba, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mamaye. Mimba ilikuwa imemkatalia kila chakula. Wali aliutapika, samaki aliwatapika, hata uji. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni mwake: chaza wa tui la nazi, waliokamuliwa ndimu. Tangu maji yachafuke hakuwapata. Shingo yake ilikonda ikawa kama bua la mtama, na tumbo lilibaki mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine.

Bamvua la kwanza likaja na mwezi mpevu. Mikondo ilipita mlango wa bahari kwa kishindo siku tatu, ikaubeba utando wote. Nikachota maji. Bakuli lilikuwa safi hata maua ya bluu ya chini yake niliyahesabu.

"Yametakata, Bibi."

"Alhamdulillahi. Sasa tungoje la pili."

Dada alisikia akiwa amejilaza. Bibi alipotoka kwenda kwa jirani, akaniita.

"Umeyaona maji kwa macho yako?"

"Nimeyaona."

"Basi macho yako na ya Bibi, yapi yanaona?" Akacheka, kicheko kikavu. "Au waogopa kulowesha kanga? Wakwe zangu Wiyoni watanicheka. Wataniuliza, ndugu yako alikufanyia nini? Niwaambie alinionyesha bakuli."

"Siku kumi na tano tu, Dada."

Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo lake. Mtoto alipiga teke, mara moja, kwa nguvu.

"Mwambie yeye," alisema.

Nikatwaa kisu na kikapu.

Siku nyingine za bamvua, miamba ile huwa soko la wanawake: mzaha, kusutana, wimbo. Siku ile nilikuwa peke yangu. Maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, na mwamba uliachwa wazi, mweusi, ukichuruzika. Nilipotia kisu cha kwanza nilitazama nyuma, kana kwamba mtu ameniita. Hapakuwa na mtu. Chaza walikuwa wanene kuliko nilivyopata kuwaona. Walikuwa wameshiba.

Niliwapika kwa tui. Mimi sikuonja, nilikuwa nalipa saumu ya Ramadhani. Dada alikula mpaka akakomba chungu, na rangi ikamrudia usoni, nami kwa ujinga wangu nikamshukuru Mungu.

Adhuhuri haijaadhiniwa akajigusa mdomo.

"Ajabu," alisema. "Midomo yangu imelala."

Kisha vidole. Kisha akataka kusimama, miguu ikamkatalia. Bibi aliingia akasikia harufu ya tui, akasimama mlangoni.

"Bamvua la ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

Alikaa, akampakata Dada kifuani, akanionyesha namna ya kumwinua mabega ili pumzi ipite. Pumzi ilikuwa inakuja fupi, yenye kikwazo, halafu inakawia. Kila ilipokawia Bibi alimwambia sikioni, "Vuta, mwanangu. Vuta." Macho ya Dada yalikuwa wazi. Alituona na kutusikia, wala hakuweza kuinua kidole. Nje bahari ilianza kujaa, taratibu, mpaka tukaisikia chini ya ukuta.

Magharibi ilipokaribia pumzi ikarefuka. Kulipopambazuka alikunja vidole, akaomba maji.

Kisha akaweka mkono tumboni. Akaushikilia hapo muda mrefu. Akausogeza upande wa pili, akangoja tena. Bibi aligeuka akautazama ukuta.

Tulimzika mtoto katika sanda isiyofika dhiraa moja.

Bamvua la pili lilikuja na mwandamo wa mwezi. Wanawake walishuka miambani na vikapu, na vicheko vyao vilifika mpaka kwetu. Jirani alituletea sahani ya chaza. Bibi alionja wa kwanza, akangoja, akaisogeza sahani kwa Dada.

Dada alikula wote, mmoja mmoja, akinitazama.

"Watamu," alisema.