Niliapa Kufunga Mdomo, Nikamwacha Faida Aaibike

Nimekosa! Sitafuti mlango wa kutokea. Nilikosa na akili zangu zote, nimekaa kwenye kiti changu, jua linawaka, hakuna aliyenishika mdomo.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, basi mnivumilie mwandiko. Lakini majina! Majina Mungu alinipa. Hapa Kalundu hakuna mtoto ambaye simjui baba yake, na baba ya baba yake. Watoto wote wa mtaa wananiita tate, nyanya yao. Na pamoja na majina hayo nilikuwa na ulimi. Nani kafukuzwa na bwana, nani kazaa na nani, minye ndiye nilikuwa redio.

Kanisani kwetu, asubuhi ya Bonane, kuna desturi. Nyimbo zikiisha, anayetaka kubadilika anasimama mbele ya watu na kusema kile anachoacha mwaka mpya. Mmoja anaacha pombe, mwingine anaacha kupiga bibi yake wa ndoa. Nikasimama na kitenge changu kipya.

"Mwaka huu minye ninaacha mambo ya watu. Hamutasikia tena jina ya muntu mu kinywa yangu."

Watu walicheka mpaka pasta akafunika uso na Biblia! Mama Sifa, ambaye tunaanika naye ndagala, dagaa wa ziwani, pale mchangani, akapaza sauti: "Tate, weye? Utafika kesho kweli? Ao tukushonee mudomo?"

Nilirudi nyumbani ninawaka. Nikajisemea, huyu ataniona.

Na nilishika! Wanawake wakileta habari, ninageuza ndagala. Mama Sifa ananitega: "Tate, kale katoto ka juzi kanafanana na nani?" Ninageuza ndagala. Jioni mdomo ukiniwasha, ninafunga mlango na kuwasimulia kuku. Msicheke. Kuku wangu walisikia mengi.

Pasta alinitaja katika mahubiri kuwa mfano. Lo, utamu wake! Nilitembea kifua mbele kama bibi arusi.

Sasa nikuambie Faida ni nani. Ni binti wa jirani yangu Mapendo. Ndiye alikuwa ananichotea maji, bidoni kichwani, kabla hajachota ya kwao. Akapata mchumba, Kashindi, motari wa kubeba watu kwa pikipiki, kijana mpole. Siku moja Kashindi alinibeba kwenye moto yake, ile pikipiki, na gunia langu la ndagala mpaka sokoni. Na mimi siwezi kupanda moto ya muntu bila kumuuliza kwao ni wapi.

"Minye ni wa Mulenge, kule mlimani, tate. Mujukuu wa Ruben."

"Ruben gani?"

"Ruben wa Nabintu."



Nabintu ninamjua. Alifiwa na bwana kule mlimani, akamwacha mtoto wake Ruben kwa ndugu za marehemu, akashuka ziwani, akaolewa na mvuvi wa hapa, akamzaa Feza. Na Feza ndiye mama ya Mapendo, nyanya ya Faida. Tumbo moja! Kwetu watoto wa tumbo moja hawaoani, hata iwe wajukuu wa wajukuu. Nabintu hakupenda kumtaja mtoto aliyemwacha, na Feza alikufa Mapendo akiwa mdogo. Wazee waliojua pande zote mbili walishazikwa. Nilibaki minye.

Nikashuka kwenye ile moto, nikamwambia kijana asante, nikanyamaza.

Halafu Mapendo alinijia pale pa kuanikia, na sahani ya mboga ya lengalenga amenifunikia. Kwetu, kabla familia haijapokea mahari, inauliza wazee kama damu ni safi. Alikuja na heshima hiyo.

"Tate, tunataka kupokea mahari ya Faida. Weye ndiye unajua majina yote. Damu ya Kashindi na ya kwetu iko mbali?"

Mama Sifa alikuwa pembeni yangu. Aliacha kugeuza samaki. Alinitazama, anatabasamu, anangoja nianguke.

Ndugu yangu, niliyaona macho yale, sikumwona Faida.

Nikasema, "Mapendo, unajua niliapa Bonane. Minye sisemi mambo ya watu."

"Hata hii?"

"Hata hii."

Unadhani alikasirika? Alifurahi! Akapiga makofi akasema, "Basi hakuna kitu! Kama kungekuwa kitu, tate angeshapasuka."

Hata Mama Sifa akacheka. Mapendo akaondoka polepole, kandambili yake imekatika, anaiburuta. Ningeweza kumwita. Jioni ningeweza kubisha kwake, Mama Sifa hayupo, hakuna anayesikia. Sikwenda. Nilikula lengalenga yake, nikaenda kulala.

Siku ya mahari walisimamisha hema. Watu wa Kashindi upande mmoja, watu wa Faida upande mwingine, na minye wameniweka mbele kabisa, kwenye kiti cha wazee. Faida alikuwa anapita na sahani ya vinywaji, anang'aa. Alinipa mimi wa kwanza.

Shangazi ya Kashindi, mama mmoja ametoka Mulenge, akasimama kutambulisha ukoo. "Sisi ni watoto wa Ruben. Ruben wa Nabintu, ule aliyetuacha akashuka ku ziwa."

Mjomba ya Faida akasimama. "Nabintu gani, mama? Nabintu bibi ya muvuvi?"

"Ndiyo huyo. Mulimujua?"

Muziki ulizimwa. Mapendo hakumtazama yule shangazi. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama chupa yangu.

Mchana uleule watu wa mlimani waliondoka na mbuzi wao wa mahari. Kashindi aliisukuma moto yake mpaka barabarani, hakuiwasha.

Tangu hapo watoto wakimwona Faida walipiga kelele, "Bibi ya kaka yake! Bibi ya kaka yake!" Aliacha korale ya kanisa. Hakutoka tena mchana. Halafu akaja kwangu, bidoni mkononi, tupu.

"Tate, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponibeba na gunia."

Hakulia. Afadhali angelia!

"Tate, uliambia watu nilikojolea kitanda mpaka primeri. Uliambia watu nilianguka ekzameni. Baba yangu kuwa na bibi mwingine kule Baraka, nilisikia kwako, ku barabara, mbele ya watu. Mambo yangu yote ulisema. Hii moja tu ndiyo ulinifichia?"

Nilifungua mdomo nimweleze kiapo. Nikasikia mwenyewe vile kingesikika. Nikaufunga.

Aliweka ile bidoni mlangoni pangu, akaenda. Sasa anakaa Kiliba, kwa mama yake mdogo. Mapendo ananipita kama anavyopita ukuta. Na Mama Sifa, niliyekuwa ninashindana naye? Alishasahau zamani kama tulikuwa tunashindana.

Juzi nilikwenda Kiliba na kikapu cha ndagala. Faida alikipokea kwa mikono miwili. Akaniletea kiti.

"Jambo, mama," akasema.

Mama! Kama unavyomsalimia muuza samaki. Nilikiacha kiti vilevile, nikarudi.

Bonane iko karibu tena. Wewe unayejitayarisha kusimama uape, jiulize kwanza ni kwa ajili ya nani unaacha hilo unaloacha. Mimi niliapa kwa ajili ya makofi. Ulimi haukupona, ulingoja tu, na siku mtoto wa watu alipouhitaji, niliuficha ili nishinde. Na muntu akikuuliza neno ambalo litamwokoa, hayo siyo mambo ya watu. Sema! Ukivunja kiapo, vunja, uchekwe.

Mwaka huu kanisani sitasimama. Nitarudi Kiliba mchana, mbele ya mama yake mdogo na majirani wote, niseme kosa langu pamoja na jina langu hili ambalo hapa nimewaficha. Na kama Faida ataniambia tena "jambo, mama", nitaitika.