Miguu Yangu Juu ya Begi la Mkwe

Kwetu Kivu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai kiti kimoja. Hatushikani mikono, hatuli sahani moja, na akinisemesha anaangalia chini kama anatafuta sindano iliyoanguka. Heshima hiyo tumevuka nayo mipaka yote mpaka hapa Johannesburg, na hakuna askari aliyetunyang'anya. Ndiyo maana bado nacheka nikikumbuka ile Jumamosi niliyokaa na mkwe wangu tukaangalia filamu ya Wafaransa walio uchi.

Ngojeni niwaeleze vizuri. Mkwe wangu ni mlinzi wa ofisi kule Braamfontein. Mtu mzuri, ila alipokaribia miaka hamsini ujana ukaanza kumuota upya, kama meno ya mtoto. Kwanza zikaja ndevu, akazipaka rangi zikawa nyeusi tii. Halafu suruali za kubana, zile ambazo mtu akiinama mnamuombea. Halafu manukato, eish, mpaka sufuria zangu zikanukia. Mwisho tukasikia kuna msichana wa saluni, na huyo msichana ana chumba Jeppestown. Mkwe akamwambia binti yangu kwamba anahama kidogo, apumzishe kichwa.

Binti yangu alilia sana. Kulipokucha akanawa uso, akabeba vitenge vyake akaenda sokoni Newtown, maana machozi hayaleti unga nyumbani. Mimi sikulia. Nilisema moyoni, huyu leo hatoki.

Mkwe alikuwa anangoja rafiki yake aje na gari. Begi lake likawa hapo karibu na mlango, limejaa. Ili muda upite akaweka filamu kwenye televisheni, ya Kifaransa, ya watu wazima kabisa. Alijua nikiona mambo yale nitakimbilia jikoni na kumwachia njia. Nikavuta kiti mpaka mlangoni, nikakaa, nikaweka miguu yangu yote miwili juu ya lile begi. Haya, alichukue sasa. Mkwe gani atagusa miguu ya mama mkwe?

Filamu yenyewe ilikuwa ya baba mmoja wa Ufaransa, mwenye tumbo na pikipiki mpya, anamfukuzia kasichana kenye umri wa mwanawe. Mkwe akanyoosha mkono azime. Nikamwambia aache, nimeipenda. Mkubwa akisema acha, unaacha. Lakini Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour, na maandishi yale ya chini siyajui, kwa sababu shule yangu ilikuwa fupi, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi. Basi ikabidi anieleze.

"Anamwambia nini huyo dada?"

"Anamsalimia, mama."

"Bila suruali?"

"Kuna joto, mama."

Mara akatokea mume wa huyo dada, na baba wa watu akajitupa kabatini. Nikauliza anafanya nini mle. Mkwe akasema anatafuta shati. Nikamwambia mbona shati liko pale, limening'inia kwenye taa. Jasho lilimtoka, ile rangi ya ndevu ikaanza kuteremka kwenye kola. Nilibana mbavu nisicheke. Kila nilichouliza alinijibu kwa adabu, kichwa chini, na kila jibu lilimtoka kama jino.

Halafu wakaonyesha mke wa yule baba. Yuko peke yake mezani, ameweka sahani mbili. Hapo hata mimi sikuwa na kicheko.

"Huyo mama amemkosea nini mume wake?"

"Hajamkosea, mama."

"Sasa kwa nini amemuacha?"

Nikamngoja. Mimi nimelea watoto saba, kungoja najua.

"Anaogopa kuzeeka, mama."

"Na kwa huyo msichana, hazeeki?"

Hapo aliinua macho akaniangalia usoni. Tangu alipoleta mahari hakuwahi. Honi ikalia nje. Ikalia tena. Simu yake ikatetemeka mezani. Akaangalia begi, akaangalia miguu yangu. Nami nikawaza, mume siyo mbuzi umfunge kamba. Nimtie aibu, nimuulize maswali, lakini binti yangu hawezi kulala na mtu aliyezuiwa na visigino vya mama yake. Nikanyanyua miguu.

"Chukua, mwanangu."

Hakusogea.

"Acha tu, mama. Filamu haijaisha."

Akamwambia rafiki yake kwenye simu aende zake. Nikarudisha miguu juu ya begi, maana uamuzi wa mwanaume ni kama uji wa moto, lazima upoe kwanza. Tukaendelea kuangalia. Basi, mnaijua Joburg: yule baba yuko kwenye ngazi za nyumba yake, mvua inamnyeshea, anainua mkono agonge mlango, na umeme ukakatika.

Tukabaki tunatazama kioo cheusi.

"Mke wake alimfungulia?" nikamuuliza.

"Sijui, mama."

Nikasikia ufunguo wa binti yangu unazunguka kwenye kitasa, na vile vitenge vinakwaruza ukuta.

"Huyo anakuja," nikamwambia. "Kamuulize mwenyewe."

Nikasogeza kiti changu pembeni. Akasimama na ile kola yake nyeusi, akaenda kumpokea mzigo.