Koti Lililogeuzwa Ndani Nje

Priii! Filimbi ile bado inalia masikioni mwangu. Kwa miaka thelathini na miwili niliipuliza katika uwanja wa shule hapa Lupepo, bendera ikipanda asubuhi na kushuka jioni, na kila aliyepita barabarani alisimama, hata mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Mwanafunzi asiyefungua kinywa kuimba wimbo wa Taifa nilimchapa. Binti yangu Beatrice nilimchapa mara mbili, wenzangu wasiseme ninapendelea.

Mwaka huu Beatrice alipiga simu kutoka Minnesota. Anakwenda kuapa awe Mmarekani, na uraia wa kwetu atauacha.

"Baba, naomba baraka zako."

Nikamwambia mtandao unakatakata, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Kwa hasira niligeuza koti langu ndani nje. Ni koti la mtumba, nililinunua sokoni Tukuyu. Mgongoni lina bendera kubwa ya Marekani, na kwa miaka sita nilitamba nalo mpaka kanisani. Sasa nikatembea mishono ikiwa nje, kama mtu aliyevaa gizani.

"Siku ya kiapo nitatazama," nilimwambia jirani yangu Andongwisye, "ila wimbo wao ukipigwa, mimi nimeketi. Sisimami ng'o!"

"Haya, Mwalimu. Nitakuja nishuhudie."

Akaja kweli. Saa moja jioni mke wangu Esnath aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Huko kwao ni asubuhi, na rafiki wa Beatrice ndiye aliyeshika simu. Tukauona ukumbi, watu wa kila rangi, na Beatrice katika gauni la kitenge. Tarumbeta zikalia.

Nilichoshangaa ni kuona taa ya darini imenikaribia. Nilikuwa nimesimama! Visigino vimekutana, mikono imebana mapaja, kofia sijui niliivua saa ngapi.

Andongwisye akapaliwa na chai. "Mwalimu! Ile ng'o imeishia wapi?"

"Mwache," akasema Esnath. "Lakini Baba Beatrice, si ungegeuza koti kwanza? Bendera ya watu inatazama mgongo wako."

Nilitaka kukaa, magoti yakagoma. Ndipo nikamwangalia vizuri Beatrice. Kasimama wima nilivyomfundisha, mkono kifuani, midomo imefungwa. Wenzake wote wanaimba.

Wimbo ulipokwisha akaichukua simu, macho mekundu.

"Baba, sikuweza kuimba. Koo limeziba. Na ule wetu pia, tangu nimefika huku siwezi kuumaliza. Umenikasirikia?"

Andongwisye alikuwa bado anajifuta chai kwenye shati. Nikaichukua simu, nikaisogeza mpaka pua ikagusa kioo, ili jirani asisikie.

"Mama," nikanong'ona, "siku zile ninawachapa, hata mimi nilikuwa siimbi. Koo lilikuwa linaziba. Baraka zangu chukua zote."