Khanga Yenye Nukta

Bi Mwanamize ameuza khanga Kariakoo tangu hajaolewa. Hata mume alimpatia hapohapo dukani: kila Alhamisi alikuja kumnunulia mama yake khanga, mpaka mama mwenyewe akauliza kulikoni.

Mwaka huu jengo lenye duka lake likabomolewa, akahamia Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Wateja wakampoteza. Waliokwenda kumuulizia mtaa wa zamani waliambiwa amerudi kwao Pangani. Wengine, Mungu apishe mbali, wakaambiwa keshafariki. Akajiapiza: Idi ikipita bila wateja wake kumwona, anafunga duka.

Jirani yake wa mlango wa pili, Severa, kazi yake ni kutengeneza tovuti. Akamshauri awe na anwani mtandaoni, achague jina. Bi Mwanamize hakufikiri mara mbili: nipohapahapa. Severa akacheka weee, kisha akamwandikia vizuri: nipohapahapa.co.tz. Hiyo co ni ya biashara, akamweleza, na tz ndiyo inayosema wewe ni wa Tanzania.

"Kumbe kama sisi," akasema Bi Mwanamize. "Jina langu, la baba, halafu la ukoo."

Sasa, kila avaaye khanga anajua kwamba yale maneno yaliyo juu ya pindo nayo huitwa jina. Kiwandani, walikokuwa wakimchapia mzigo wa Idi, wakamwandikia kwenye simu: tuma jina. Naye siku hiyo kichwani lilikuwamo jina moja tu.

Marobota yalipofunguliwa, akakaa chini. Khanga zenyewe nyekundu, nzuri, korosho zimejipanga pindoni, na hapo penye maneno, kwa herufi kubwa: NIPOHAPAHAPA.CO.TZ. Nani atajifunga anwani kiunoni? Akamwambia Severa wayafunge marobota, na duka nalo wafunge.

Hapo ndipo alipopanda Nasreen wa Buguruni, mteja wake wa siku nyingi. Alikuja kununua bomba kule chini, akasikia sauti anayoijua. Wakakumbatiana, wakalaumiana, kisha jicho la Nasreen likaangukia robota. Akavuta khanga moja, akaisoma polepole.

"Nipo hapahapa," akasema. "Wee Bi Mwanamize, haya maneno umeyatoa wapi?"

Bi Mwanamize akaanza kueleza habari za mtandao. Nasreen hakumsikiliza.

"Wifi yangu kila Idi ananiuliza naondoka lini kwa kaka yake. Leo ndiyo jibu. Nipo hapahapa, na nukta nimeweka. Nifungie doti mbili, moja nampa yeye."

Nasreen akaivaa arusini Ilala, na mji ukapata la kusema. Aliyeulizwa kaipata wapi khanga ile hakuhangaika kujibu. Aligeuka tu, ukasoma mwenyewe. Ukiyaandika maneno yale kwenye simu, unaletewa mlango wa Bi Mwanamize, na ngazi za kupandia.

Ngazi zikajaa kabla ya Idi. Mkesha wa sikukuu akapanda Bi Husna, mteja mwingine wa zamani, anahema, amekasirika kwelikweli.

"Mwanamize, mie nimekusomea hitima!"

Bi Mwanamize alikuwa amejifunga ya kwake. Akageuka.