Magadi ya Mpishi wa Parokia

Mpishi wa parokia hapimi kitu kwa kijiko. Karanga zilizotwangwa huzimimina mpaka mchemko unyamaze, chumvi huitupa huku akitazama pembeni, na magadi ya mlenda huyamimina kiganjani mpaka yaguse mstari wa katikati. Akipika huimba nyimbo za Kinyamwezi bila kufungua mdomo. Julieth, anayejifunza kupika kwake na ambaye Jumapili atawapikia peke yake wazazi wa mchumba wake kutoka Usoke, ameshaandika "kiasi" mara saba daftarini.

"Kiasi ndiyo ngapi, mama?"

"Kisichozidi, mwanangu."

Jumamosi asubuhi Julieth alipima kwa kiganja chake mwenyewe, mpaka kwenye mstari uleule, na mlenda haukuvutika. Mpishi alionja, akacheka taratibu, akaulaza mkono wa binti juu ya wake. Ulikuwa mdogo kama wa mtoto. "Basi kosa si lako." Akapima magadi kiganjani mwake, akayahamishia kwenye kile cha Julieth, na pale yalipoishia, karibu na vidole, akachora mstari kwa kipande cha mkaa.

Mchana huo Julieth alikula ugali kwa kijiko, ili mstari ufike Jumapili.