Shelisheli ya Getini

Mwenye gesti ya mlimani, juu ya bandari ya Roseau, ana vidole vilivyokomaa kwa moto na vyumba vitatu visivyo na mtu tangu Krismasi. Kila meli ya watalii ikitia nanga, hushuka na jiko lake hadi kwenye geti la bandari na kuchoma shelisheli nzima, taratibu, akiigeuza kwa mkono mtupu. Leo mtalii mmoja alisubiri mpaka honi ikalia.

"Nipe hivyo hivyo, mama. Meli inaondoka."

"Bado mbichi. Anayelala kwangu hula iliyoiva."

"Kwa meli tunaona visiwa saba kwa wiki."

"Na hapa umeonja nini?"

Mtalii akatimua mbio. Meli ilipong'oa nanga, mama akapasua shelisheli yake, mvuke ukamfunika uso, akaila yote ameipa bahari mgongo. Kesho inakuja meli nyingine. Keshachagua ya kuchoma, kubwa kuliko hii.